SOMO: Usukani mzito, unalia au unavuja, anzia hapa kabla hujanunua pampu

Wakuu habari za leo. Naandika hili mara moja niwe naelekeza watu hapa, maana wiki hii peke yake watu watano wameniuliza kitu kilekile, usukani umekuwa mzito fundi kasema pampu imekufa, ninunue? Mtu hajafungua hata boneti. Na gari zenyewe ni hizi zetu za familia zilizokula miaka, RAV4 Kilitime, X-Trail T30, Harrier za mwanzo, Prado za zamani, mipira yake imeshakauka. Mimi nina Kilitime ya 2002, nipo Isevya hapa Tabora, pawa yake, yaani ule mfumo unaosaidia kuzungusha usukani, nimeifungua mara tatu kwa mikono yangu na mara ya kwanza niliua pampu nzima iliyokuwa haina shida, kwa hiyo ninayoandika nimeyalipia.

Somo ni la pawa ya mafuta, yaani ukifungua boneti unakuta kikopo kidogo chenye mfuniko uliochorwa usukani. IST, Vitz, Passo na RAV4 za kuanzia 2006 ni pawa ya umeme, hizo hazihusiki hapa.

IKIKUKUTA BARABARANI. Usukani ukiwa mzito ghafla gari bado inakata kona, usukani umeungana na tairi kwa chuma, kilichoondoka ni msaada tu. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo taratibu, toka pembeni. USIZIME INJINI gari ikiwa inatembea, ukizima unapoteza na msaada wa breki, na ukichomoa ufunguo usukani unajifunga. Halafu angalia dashibodi. Kama injini bado inanguruma na taa ya betri imewaka wakati huohuo basi yaelekea mkanda umekatika, na kwenye Kilitime mkanda mmoja ndio unazungusha pawa, oltaneta inayochaji betri na pampu ya maji, ukisema ngoja nifike tu mjini unachemsha injini. Simama hapohapo.

Hatua ya 1. Pima upepo wa tairi za mbele, kibandiko cha mlangoni kinakwambia kiasi.

Hatua ya 2. Angalia mkanda, kama una nyufa au umelowa mafuta badilisha.

Hatua ya 3. Fungua kikopo. Alama ziko mbili, ya baridi na ya moto, soma ya baridi asubuhi kabla hujawasha. Chovya kidole, pakaa kwenye karatasi nyeupe. Mafuta mazima ni mekundu yanayopitisha mwanga kama juisi ya rozela. Meusi yanayonuka kuungua yameshachoka. Ya pinki yenye povu yana hewa ndani.

Hatua ya 4. Boksi. Tandika boksi safi lililofunguliwa chini ya gari usiku kucha, usitegemee kuangalia ardhi maana mchanga wetu huu unakunywa mafuta asubuhi huoni kitu. Doa jekundu ni pawa au gia, jeusi ni injini, la kijani au pinki lenye maji ni ya rejeta, maji matupu ni ya AC. Kabla hujatoa gari weka alama kwa kalamu kwenye boksi, tairi ya mbele ilikuwa wapi, ili ujue doa limetokea upande gani.

Hatua ya 5. Sikiliza usukani wenyewe. Mzito gari ikiwa silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ukikanyaga unalainika, hapo mkanda unateleza au pampu imechoka. Mzito upande mmoja tu, hiyo ni raki, ule mtambo wa chini unaosukuma tairi kushoto na kulia, pampu haijui kushoto wala kulia. Unalia kama ndama ukikata kona, mafuta yamepungua au kuna hewa, na gari nyingine kile kichujio cha wavu ndani ya kikopo kimeziba uchafu. Sasa nyanyua tairi zote mbili za mbele, zima injini, toa loki ya usukani kwa ufunguo halafu zungusha kwa mkono, kama bado umekaza hapo usihangaike na mafuta, boljointi au jointi ya shafti ya usukani imeganda.

Hatua ya 6. Hozi. Ukiacha ile inayotoka kikopo kwenda kwenye pampu, za kuangalia ni mbili. Ya kurudisha mafuta ni mpira wa kawaida wenye klipu, hii ndio inavuja kwenye gari nyingi na unabadilisha mwenyewe kwa plaizi, ila nunua mpira wa mafuta, wa maji unavimba na kupasuka. Ya pili ni ya presha, humo ndani inafika psi 1,000 na kupanda wakati tairi lako lina 30. Hiyo usiifunge na mpira wa baiskeli, usikate ukaunga kwa klipu. Ukiifungua pale kwenye pampu utakuta washa (ringi bapa) mbili za shaba, weka mpya, za zamani zimeshalalia upande mmoja zitavuja.

Hatua ya 7. KUTOA HEWA. Hapa ndipo nilipoharibu. Ilikuwa jioni, kesho yake tunampeleka mama Urambo msibani, nikabadilisha hozi ya kurudi vizuri kabisa, nikajaza mafuta, nikawasha gari palepale na kukata usukani mpaka mwisho nikaushikilia nisikie kama kilio kimeisha. Ndani ya dakika moja kikopo kikafurika povu la pinki kama maziwa yanavyopanda jikoni, likamwagikia eksozi, moshi, pampu inapiga kelele majirani wanachungulia. Mimi nikaongeza mafuta nikafunga mfuniko nikasema litatulia njiani. Halikutulia. Tulipopita Usoke usukani ukawa jiwe, mama yupo kiti cha nyuma anasali kimyakimya. Pampu inalainishwa na mafuta yaleyale inayosukuma, ikisukuma povu vyuma vinasagana. Nilipoifungua baadaye vile vibapa vya ndani vilikuwa na mikwaruzo unaisikia kwa kucha. Nyingine ya mtumba niliagiza Kariakoo ikaja na basi.

Sasa fanyeni hivi, na msiruke hata kimoja. Nyanyua tairi zote mbili za mbele, weka stendi au magogo imara, usiache gari kwenye jeki peke yake, na tairi za nyuma weka mawe. Injini IMEZIMWA. Jaza mpaka alama ya baridi. Zungusha usukani polepole kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, mara kumi na tano mpaka ishirini, na mtu mwingine asimame kwenye kikopo na chupa, akiona mapovu yanatoka mafuta yakishuka anaongeza, kikopo kisikauke hata mara moja. Kwangu ni binti yangu anasimama hapo, ananiambia baba simama. Pumzika nusu saa. Ndipo unawasha, unaiacha silensa, unazungusha tena polepole na ukifika mwisho usishikilie zaidi ya sekunde tano, pale mwisho ndipo presha ni kubwa kuliko zote na mafuta yanachemka. Zima, angalia kikopo. Ukizima tu mafuta yakapanda zaidi ya milimita 5 hivi, hewa bado ipo, rudia.

Mafuta: Toyota hizi zinatumia ATF (mafuta ya gia otomatiki) ya Dexron II au III. Honda usiweke ATF, zina mafuta yao. Na jamani, mafuta ya breki HAPANA.

Karibuni maswali.

chalii_wa_cheyo: Mkuu gari yangu usukani mzito, ninunue pampu au raki?

Mwenye somo: Gari gani, mafuta yako wapi kwenye alama, mzito lini na upande gani? Hatua ya 1 mpaka ya 5, ukitoa boksi la usiku kucha, inachukua nusu saa. Fanya halafu uje.

chalii_wa_cheyo: Niko bize kaka we nambie tu

Mwenye somo: Sikwambii. Nikikosea unatupa hela ya familia yako kwa neno langu.

dereva_sikonge: Mwangaluka wakuu. Mimi mafuta yaliniishia njiani nikaweka ya breki, kichupa kidogo tu, imetembea wiki sasa iko fresh. Kuna shida?

Mwenye somo: Mwangaluka. Shida ipo ila haijaonekana. Sili za pawa, ile mipira ya ndani inayozuia kuvuja, hazikutengenezwa kwa mafuta ya breki, zinavimba, zinalainika, baadaye zinaachia pampu na raki kwa pamoja. Usiendelee kuitembeza. Vuta yote kwenye kikopo kwa bomba la sindano, chomoa hozi ya kurudi elekeza kwenye dumu, ziba pale ilipochomoka kwenye kikopo, tairi zikiwa juu na injini imezimwa mtu azungushe usukani huku unaongeza ATF mpya mpaka itoke nyekundu safi. Andaa lita mbili. Halafu hatua ya 7 yote.

dereva_sikonge: Lita mbili kwa kichupa kidogo? Si naongezea tu ATF juu yake

Mwenye somo: Nimeshajibu.

fundi_ipuli: Kaka somo zuri ila umetuchafua mafundi kana kwamba wote tunauzia watu pampu. Mteja anakuja anataka gari baada ya saa moja, ukimwambia boksi la usiku kucha anaenda kwa mwingine.

Mwenye somo: Sijasema wote, soma tena, aliyeua pampu kwenye hadithi yangu ni mimi. Lakini hapo kwa mteja mwenye haraka umesema kweli na nakuunga mkono, wenye magari waache kuwakimbiza mafundi. Wewe hewa unaitoaje kwa gari isiyokubali?

fundi_ipuli: Naiacha ilale. Nazungusha jioni, naacha tairi juu mfuniko umelegezwa usiku kucha, asubuhi nazungusha tena mara kumi. Vipovu vile vidogo havitoki kwa nguvu, vinataka muda. Ikikataa kabisa naangalia klipu ya hozi inayotoka kikopo kwenda kwenye pampu, pale inavuta hewa bila kudondosha hata tone.

Mwenye somo: Hilo la klipu kuvuta hewa bila kuvuja ni la kuandikwa kwa herufi kubwa, wengi wanaangalia tone tu. Asante sana fundi.

kulwa_f3: Shikamoo. Mimi nipo kidato cha tatu, gari ni ya baba. Swali langu, mafuta yanajuaje nimekata kushoto au kulia? Na kwa nini nguvu inakuwa kubwa vile?

Mwenye somo: Marahaba mwanangu, swali zuri. Chini ya usukani, kabla ya kufika kwenye raki, kuna nondo nyembamba ya chuma cha springi. Tairi ni zito, kwa hiyo ukianza kukata ile nondo inajipinda kidogo sana kabla tairi halijasogea. Ikijipinda inageuza vali iliyoizunguka, vali inafungua tundu la kushoto au la kulia. Ndani ya raki kuna pistoni, mafuta yakiingia upande mmoja yanaisukuma kwenda wa pili. Ukiacha kukata nondo inajinyoosha, vali inarudi katikati, mafuta yanazunguka bure kurudi kikoponi. Ndio maana vali ikichakaa unapata uzito upande mmoja. Nguvu ni ile Pascal mnayosoma, presha mara eneo. Psi 1,000 ni kama kilo 70 kwa kila sentimita ya mraba, pistoni ikiwa na sentimita za mraba 10 tu unapata msukumo wa kilo 700. Mwombe baba siku moja gari ikiwa imesimama, tairi zikiwa chini, ushike usukani injini imezimwa, halafu imewashwa, utausikia huo msaada mikononi.

kulwa_f3: Nimeelewa kabisa, asante sana. Jumamosi namwomba.

juma_ist: Mbona IST yangu sioni hicho kikopo?

Mwenye somo: Aya ya pili ya somo. Ya kwako ni ya umeme, kapime betri na oltaneta kwanza, umeme ukiwa mdogo pawa inajizima.

mkulima_urambo: Kwa wanaokosa hozi ya presha, sisi wa matrekta ya tumbaku hozi zinabanwa upya. Usitupe ya zamani, vile vichwa vya chuma vinatumika tena, peleka kama ilivyo kwa wanaobana hozi za haidroliki, waambie ni ya pawa wakupe mpira unaostahimili presha.

Mwenye somo: Kweli, na inafika mbali kuliko ya mtumba ambayo hujui imekaa juani miaka mingapi. Hakikisha tu wanaisafisha ndani, vumbi la mpira uliokatwa likibaki linaenda kwenye vali ya raki.

Mama Shija: Habari zenu wanangu. Nimefanya la boksi kama ulivyosema, X-Trail yangu. Doa lipo jekundu, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, nyuma kidogo ya tairi ya kushoto. Na ule mpira wenye mikunjo kama kinanda, ndani ya tairi, umevimba. Nimeshaambiwa raki, laki nne.

Mwenye somo: Shikamoo mama. Umeangalia vizuri kuliko wengi wetu. Huo mpira ni buti ya raki, kazi yake ni kuzuia vumbi tu, ndani unatakiwa uwe mkavu. Mwambie fundi alegeze klipu yake ile ndogo ya nje mbele yako, aukunje kidogo. Ukimwaga mafuta mekundu, sili ya raki imekwisha na huyo fundi yupo sahihi, ila muulize kwanza kama anaweza kubadilisha sili peke yake. Ukiwa mkavu, basi mafuta yanatoka juu kwenye hozi na kutiririkia hapo, usitoe hiyo laki nne. Asiufunge kabla hujauona kwa macho yako.

Mama Shija: Marahaba baba. Naenda nae saa hizi.