Kutengeneza mafuta ya shea yasiyonata kwa kutumia IPM

Anayeuza mafuta ya shea pwani analijua lalamiko hili: "Mazuri, lakini yananata." Kwa joto la Dar au Mombasa, siagi nzito ikikutana na jasho na vumbi, mteja harudi. Tiba yake ni isopropili miristati, ambayo madukani kila mtu anaiita IPM. Ni kimiminika chepesi kisicho na rangi, karibu hakina harufu, kinachotengenezwa kwa kuunganisha alkoholi ya isopropili na asidi ya miristiki, asidi ileile iliyomo kwenye mafuta ya nazi. Kinalainisha ngozi, kinaenea upesi na hakiachi utando mzito.

Naandika haya baada ya kumsaidia binti mmoja ambaye mafuta yake yaliendelea kunata hata alipozidisha IPM. Kanuni yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa ndani ya chupa aliyouziwa, ndiyo maana hatua ya pili ni ndefu.

1. Pima

Kwa gramu 100: siagi ya shea 50, mafuta ya alizeti 24, nta ya nyuki 10, IPM 15, manukato 1. Tumia mizani, tafadhali, achana na vijiko na bomba la sindano. Mililita 100 za IPM zina uzito wa gramu 85 hivi, kwa hiyo anayepima kwa ujazo anapunja bila kujua. Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Ukiitumia, shusha IPM hadi 10 na uongeze nta kidogo.

2. Hakikisha IPM ni IPM

Anza na karatasi ya muuzaji. Namba ya CAS, yaani namba ya utambulisho ya kila kemikali, iwe 110-27-0. Ukikuta 142-91-6, hiyo ni IPP (isopropili palmitati), ndugu yake mzito kidogo. Si sumu na inafaa kwa losheni, lakini sicho ulicholipia.

Mara nyingi hakuna karatasi, kuna chupa ya maji iliyoandikwa kwa kalamu. Hapo chukua spiriti ya ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, weka sehemu tano kwenye glasi ndogo kavu, ongeza sehemu moja ya hiyo "IPM", koroga, subiri. IPM halisi inapotelea kabisa kwenye spiriti na glasi inabaki angavu. Mafuta ya parafini (yale ya madini, si mafuta ya taa), ambayo huenda yamechanganywa humo, hayakubali: utaona ukungu, kisha matone yanatuama chini.

Sasa tahadhari, maana jaribio hili linadanganya usipoangalia. Usitumie kitakasa mikono. Kile cha asilimia 70 kina maji mengi, na hata IPM safi inaweza kukitia ukungu ukamgombeza muuzaji asiye na kosa. Glasi yenye unyevu nayo inaleta matokeo hayohayo. Usibadili uwiano: IPM ikiwa nyingi kuliko spiriti, inaweza kuyeyusha parafini iliyochanganywa na kuificha. Usijaribu kutambua kwa mizani pia, kwa sababu parafini nyepesi ina uzito unaokaribiana sana na wa IPM. Na fanya mbali na jiko, spiriti inawaka.

IPP inafaulu jaribio la spiriti. Kuitenganisha, weka kidogo kwenye mlango wa friji usiku kucha. IPP huganda karibu na nyuzi 13, IPM karibu na 3 hadi 5. Iliyoganda mlangoni ni IPP. Usiweke kule nyuma kwenye baridi kali, IPM nayo itaganda na hutajua lolote.

3. Yeyusha

Nta, shea na alizeti kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji moto. Mikrowevu siitaki, inaunguza upande mmoja.

4. Ongeza IPM na manukato

Toa motoni kwanza. Changanya manukato ndani ya IPM, kwa sababu inayashika vizuri, ndipo umimine vyote na kukoroga. Poza haraka kwenye friji ili shea isifanye chengachenga.

5. Kopo

Kioo ndicho ninachokipenda. Plastiki yenye namba 2 au 5 chini inafaa. Namba 6, yale makopo angavu magumu kama kioo, usiyaguse: IPM inayapasua, wakati mwingine bidhaa ikiwa tayari kwa mteja. Angalia na kifuniko, mara nyingi plastiki yake ni tofauti na ya kopo.

Kwenye lebo andika kuwa ni ya mwili. IPM inajulikana kwa kuziba vinyweleo, na mwenye chunusi akipaka usoni atakutafuta.