Kombi ya zamani: kutoka dramu kwenda diski mbele

Jamani kombi za Volkswagen zilikuja na breki za dramu magurudumu yote manne, diski za mbele zikaanza na modeli ya 1971, sasa kama yako ni ya kabla ya hapo na umeijaza kitanda na jiko na tanki la maji, ukishuka mlima mrefu dramu zinapata moto halafu unakanyaga weee haishiki.

Ila usikimbilie kununua diski, fungua kwanza kilichopo. Mimi gurudumu la mbele kulia lilikuwa linachemka, ukisogeza mkono kwenye rimu joto linakupiga wakati la kushoto limepoa, nikabadilisha shuu (vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani) bure, kumbe hosi ya mpira imevimba kwa ndani na nje inaonekana nzima kabisa, mafuta ya breki yanapita ukikanyaga lakini hayarudi. Hosi kuukuu toa zote tu.

Ukiamua diski, jaribishia rimu kwenye kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) kabla hujafunga chochote, rimu nyingi za zamani zinagusa, na habu za modeli ya 1971 kuendelea zina nafasi tofauti za bolti (5x112, yaani bolti tano kwenye duara la milimita 112, za kabla yake ni 5x205). Masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali ya breki, nayo ibadilishe. Kalipa inataka mafuta mengi kuliko dramu, halafu masta ya dramu huwa na vali inayobakiza presha kidogo kwenye bomba, ukiiacha pedi zitasugua diski muda wote. Na kama masta yako bado ni ya njia moja inayolisha magurudumu yote, tafadhali weka ya njia mbili, maana bomba moja likipasuka huna breki ya mguu hata kidogo.

Sasa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, hapa ndio watu wengi wanakwama. Skrubu ya kutolea upepo lazima iwe JUU ya kalipa, ukichanganya kulia na kushoto inaangalia chini na utatoa upepo mpaka usiku pedali bado laini kama sifongo. Kaza shuu za nyuma kwanza, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, chomeka mpira unaoonyesha ndani kwenye chupa yenye mafuta kidogo, mwenzako akanyage ashikilie, fungua, mapovu yatoke, FUNGA ndio aachie, akiachia mapema inavuta upepo upya. Huku unaongeza mafuta ya breki mapya ya DOT 4 yasipungue kwenye kikopo, usichanganye na DOT 5 ya silikoni, na DOT 4 ikidondokea rangi ya gari mwagia maji hapohapo inababua.

Ukimaliza, barabara tupu, kimbia kilomita 50 kwa saa hivi punguza taratibu bila kusimama kabisa, rudia mara kama kumi ukiacha zipoe katikati. Ukirudi lala chini na tochi, pitisha kidole kila maungio ya bomba, ukihisi unyevu hiyo gari haitoki mpaka ukaze.