Kufundisha madaktari usafi wa mikono: somo lifanyike wodini

Mwulize daktari kwa nini mikono itakaswe, atakujibu barabara. Slaidi za muda wa saa tatu ukumbini hazimwongezei kitu. Anachokosa ni mazoea, hasa asubuhi yenye wagonjwa 30 na raundi inayokimbizwa. Kwa hiyo mfundishe kwenye raundi hiyohiyo, madaktari 6 hadi 8 kwa zamu, na daktari bingwa awe wa kwanza. Asipotakasa mikono yeye, walio chini yake hawatatakasa.

Anza na vifaa. Kitakasa mikono kiwepo kila kitanda au juu ya toroli, mahali mkono unapofika bila kupiga hatua. Famasia ya hospitali inaweza kutengeneza lita 10 kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi ifike lita 10. Kazi hiyo ifanyike mbali na moto. Dawa ikae saa 72 kabla ya kutumika, ili haidrojeni peroksaidi iue spora (bakteria waliojifunika ganda gumu) zilizoingia na malighafi au chupa. Usipunguze gliserini kwa kubana matumizi: ngozi itapasuka na madaktari wataikimbia chupa.

Nyakati za kutakasa mikono ni tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka kanyula (mrija wa mshipani) au katheta (mrija wa mkojo), baada ya kukutana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Zile za "baada" hazisumbui sana, maana mtu anajikinga mwenyewe. Tumia muda wako kwenye zile za "kabla", kwa kuwa hapo anayekingwa ni mgonjwa.

Kosa la kutafuta ni hili: daktari anatakasa mikono vizuri, anavuta pazia, anainua kitanda, kisha anashika kanyula. Usafi umeishia kwenye pazia. Mwambie arudie kazi nzima huku akitaja kwa sauti kila anachogusa. Ataliona kosa mwenyewe. Glavu nazo hudanganya: hazichukui nafasi ya kutakasa mikono, na mikono itakaswe kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua.

Kwa ufundi, tumia losheni inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Sehemu zisizong'aa mara nyingi ni vidole gumba na ncha za vidole. Pete na saa zivuliwe. Dawa ijaze kiganja, isuguliwe sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke. Mikono yenye uchafu unaoonekana, au iliyomhudumia mgonjwa wa kuhara kwa Clostridioides difficile (bakteria wa utumbo anayetengeneza spora), ioshwe kwa sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, kwa sababu alkoholi haiui spora.

Pima kabla ya mafunzo, kisha wiki chache baadaye. Keti wodini dakika 20, hesabu fursa, yaani kila mara mikono ilipopaswa kutakaswa, na mara zilizotimizwa: fursa 40 zikitimizwa 14, ni asilimia 35. Toa matokeo ya wodi siku hiyohiyo, bila kutaja mtu. Lakini anayejua anatazamwa hujirekebisha, kwa hiyo linganisha na lita zilizotumika. Chini ya lita 20 kwa kila siku-wagonjwa 1,000 (mgonjwa mmoja kulazwa siku moja ni siku-mgonjwa moja), rudi wodini.