Kijana Ndani ya Mashua ya Familia: Namna ya Kumfanya Baharia, Asiwe Abiria

Mzazi anayepanga kuishi baharini kwa miezi kadhaa pamoja na watoto wake huanza kwa kuuliza habari za mashua: urefu wake, matanga yake, injini yake. Maswali hayo ni ya lazima. Hata hivyo, baada ya misimu mitatu ya kaskazi, yaani upepo utokao kaskazini-mashariki, tukisafiri na watoto wetu wawili kwa mashua ya matanga yenye urefu wa mita 11, kutoka Kilifi hadi Tanga, Pemba, Unguja na Mafia, nimeona kwamba swali linaloamua heri ya safari ni jingine: kijana huyu atakuwa na kazi gani chomboni? Mtoto wa miaka 6 hutosheka na mshipi wa kuvulia na ndoo ya maji. Kijana wa miaka 12 hadi 17 anahitaji kazi ya kweli, yaani kazi ambayo asipoifanya chombo kizima kitaathirika. Akiikosa hugeuka abiria, na abiria asiye na mahali pa kwenda huchoka, hununa, na kununa kwake huenea kutoka omo, mbele ya chombo, hadi tezi, nyuma yake. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na mwana wa nahodha naye apewe kamba yake ya kushika.

Kabla ya kung'oa nanga

Kwa safari ya kwanza ya familia chagueni kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Kusi, upepo utokao kusini, ambayo huanza Aprili na kupata nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, huinua bahari nzito, na mkondo wa pwani yetu, unaoelekea upande wa kaskazini mwaka mzima, hukimbia kwa kasi zaidi wakati huo. Tatizo la kaskazi ni kwamba huangukia kwenye muhula wa kwanza wa shule, Kenya na Tanzania pia. Nendeni mkazungumze na mwalimu mkuu mapema, mpate ruhusa kwa maandishi pamoja na orodha ya mada za muhula mzima. Aliye katika darasa la mtihani wa taifa nisingemwondoa shuleni. Safari ingoje mwaka mmoja. Tanzania hupokea watahiniwa wa kujitegemea, lakini njia hiyo inataka maandalizi yake na usajili wa mapema, na haifai kuamuliwa mkiwa tayari mmetweka tanga.

Kila mtoto awe na pasipoti yake na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi mmoja hasafiri, kuwe na barua yake ya ridhaa. Mkitoka Kenya kuingia Tanzania mtapita kwa maofisa wa uhamiaji na forodha pande zote mbili, hata kama ninyi ni raia wa Afrika Mashariki. Kijana aandike mwenyewe orodha ya watu waliomo chomboni na kuipeleka ofisini akiwa pamoja nawe. Ni kazi ya robo saa, na inamfundisha kuzungumza na watu wazima wenye vyeo.

Kuhusu kuogelea, hatukukubali neno la mtu. Kila mmoja wetu alishuka majini akiwa amevaa suruali na shati, akaelea kwa dakika 10, kisha akaogelea hadi ufukweni. Mtoto anayeogelea vizuri kwa nguo za kuogelea anaweza kushtuka sana nguo zilizolowa zinapomvuta. Jaketi la kuokolea maisha lipimwe mwilini: mfunge kijana mikanda yote, ukiwemo unaopita katikati ya mapaja, kisha livute juu kwa nguvu mabegani. Likipanda hadi masikioni si la kwake, hata kama ni zuri na la bei kubwa. Liwe na filimbi na taa.

Zamu

Hapa ndipo kijana anapoupata ubaharia wake, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea kwa huruma. Humwacha alale usiku kucha, kisha wanashangaa kwa nini safari haimgusi. Mpangie zamu ya kudumu. Ya kwanza iwe kati ya saa 1 na saa 3 usiku, baada ya chakula, mzazi akiwa macho kando yake. Akishazoea, mzazi anaweza kulala palepale karibu na usukani, ambapo mkono mmoja unatosha kumwamsha. Aliye chini ya miaka 16 nisingemwacha peke yake juu usiku, na yeyote anayekaa nje gizani, mkubwa kwa mdogo, awe amefungwa kwenye chombo kwa mkanda na kamba ya usalama. Kwa mwendo wa maili 5 za baharini kwa saa, mashua huacha nyuma mita 150 hivi kila dakika. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi hakionekani kwa umbali huo usiku.

Kazi ya zamu ifundishwe kwa vitendo. Kila baada ya dakika 10 kijana ageuke taratibu duara zima na kuangalia upeo wa bahari, kwa sababu meli iendayo maili 18 kwa saa hukata maili 6 ndani ya dakika 20 tu. Ajue kwamba taa nyekundu iko upande wa kushoto wa chombo, ya kijani upande wa kulia, nyeupe nyuma, na kwamba akiziona nyekundu na kijani kwa pamoja, chombo hicho kinamjia. Atumie pia dira: taa ambayo nyuzi zake, yaani mwelekeo wake kwenye dira, hazibadiliki huku inazidi kukua inaelekea kugongana nasi, na nahodha aamshwe mara moja bila kuogopa kukemewa. Neno hilo la mwisho ni la kuahidiwa mbele ya wote. Kijana akikuamsha kwa sababu ya nyota, mshukuru, kwani ukimkemea safari ijayo atasita, na kusita kwa dakika tano ni kwingi mno baharini.

Kwetu pwani, meli kubwa si hatari pekee. Katika siku za giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wa dagaa hutoka na taa kali ambazo kwa mbali huonekana kama mji ulioibuka baharini. Kijana ajifunze kuzikwepa kwa nafasi kubwa kwa sababu ya nyavu. Kinyume chake, ngalawa nyingi hazina taa kabisa. Usiku mmoja tukivuka kutoka Tanga kwenda Mkoani, kisiwani Pemba, binti yetu, akiwa na miaka 14, alinigusa bega akasema, "Baba, ile si nyota. Wimbi likipanda inapotea." Nilitazama alikonyosha kidole, nikaona doa dogo la mwanga wa njano karibu sana na maji. Tuligeuza usukani, na baada ya dakika chache tukapita kando ya ngalawa yenye wazee wawili na tochi moja iliyokuwa inaishiwa betri. Walitutolea salamu, binti akawaitikia kwa heshima zote. Mimi nilikuwa nimeutazama upande ule dakika chache kabla yake na sikuona kitu.

Hesabu ya maji kujaa na kupwa

Kazi ya pili ninayoipendekeza ni daftari la maji. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, tofauti ya maji makuu na maji madogo katika pwani yetu huweza kufikia karibu mita 4, hivyo hesabu hii ndiyo inayoamua lini mtaingia kwenye hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na lini mtatoka. Mpe kijana jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi mzima, na umfundishe kanuni ya mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza maji hupungua fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama maji makuu ni mita 4.0 na maji madogo mita 0.4, tofauti ni mita 3.6, na kila fungu ni sentimita 30. Hadi mwisho wa saa ya tatu maji yatakuwa yameshuka mita 1.8, na hadi mwisho wa saa ya nne mita 2.7.

Nimeuchagua mfano huo kwa sababu ulitupata. Tulikuwa tumetia nanga ndani ya hori ambalo mlangoni lina fungu la mchanga, lenye kina cha nusu mita kwenye ramani (kina hicho huongezwa urefu wa maji wa saa ile), na mashua yetu inahitaji mita 1.7 ili isiguse. Binti aliandika kwenye daftari kwamba tupite kabla ya saa ya tatu ya maji kupwa kumalizika, kwani kufikia mwisho wa saa ya nne tungebaki na sentimita 10 tu chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Nilisoma, nikasema sawa, kisha nikaendelea kutengeneza pampu. Tulifika kwenye fungu saa nne na nusu baada ya maji makuu. Mkuku ulisugua mchanga, chombo kikasimama, na tukapwelewa kwa zaidi ya saa 3, mashua imelala ubavu na vyombo vya jikoni vimerundikana upande mmoja. Binti hakusema neno. Alikaa juu ya ubavu ulioinuka akiwa na daftari magotini, akiandika saa ambayo maji yangetuinua, na yalituinua dakika chache tu kabla ya hapo. Jioni ile nilimwomba radhi mbele ya mama yake na mdogo wake, na tangu siku hiyo nanga yetu haing'olewi kabla yeye hajatamka saa. Ukimkabidhi kijana hesabu, uifuate. Vinginevyo atafahamu kwamba ulimpa kitu cha kuchezea.

Penye matumbawe, macho yake ni bora kuliko kifaa chochote. Ingieni kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, jua likiwa juu na nyuma yenu, kijana akiwa amesimama omo na miwani ya kupunguza mng'ao. Buluu iliyokoza ni kina, kijani hafifu ni mchanga, kahawia ni mwamba. Mkubaliane ishara za mikono, kwa sababu sauti hupotea kwenye upepo na mlio wa injini.

Dharura

Haya yafanyieni mazoezi mkiwa mmetulia. Tupeni dumu tupu majini, na kijana apige kelele, arushe boya, kisha alinyooshee dumu kidole bila kuliondolea macho hadi chombo kigeuzwe. Ajue pia kukigeuza mwenyewe, maana aliyeanguka anaweza kuwa wewe. Kwenye redio ya VHF, chaneli ya 16, afanye mazoezi bila kubonyeza kitufe: neno Mayday, wito wa kuomba msaada, mara tatu, jina la chombo, mahali kilipo, tatizo, idadi ya watu. Na aweze kuufikia mfuko wa dharura akiwa amefumba macho. Mwaka 1972 mashua ya familia ya Robertson kutoka Uingereza iligongwa na nyangumi wauaji magharibi ya visiwa vya Galápagos ikazama ndani ya dakika chache. Watu 6, wakiwemo watoto mapacha, waliishi siku 38 kwenye chelezo cha mpira na kidau chao kabla ya kuokolewa na meli ya uvuvi ya Kijapani. Dakika hizo chache hazikutosha kumwelekeza mtu kitu kilipo.

Maisha ya kila siku

Maji ya kunywa na kupikia tulipanga lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Kuoga ni kwa maji ya bahari, kisha kikombe kimoja cha maji baridi cha kusuuzia. Mwachie kijana kipimo cha tangi, na asome kiasi kilichobaki kila asubuhi.

Kichefuchefu cha bahari huwapata wengi katika siku mbili au tatu za mwanzo. Akae nje, atazame upeo, ale vikavu kidogokidogo na kunywa maji, na akiweza ashike usukani, kwani mwenye kuongoza chombo huumwa kidogo kuliko anayebebwa. Dawa zitolewe kwa ushauri wa daktari kulingana na umri, na zimezwe kabla ya kuondoka. Kwa sababu hiyohiyo msilazimishe vitabu njiani. Masomo yawe mkiwa mmetia nanga, kwa muda wa saa 3 kila asubuhi kabla ya joto, bila kuruka siku.

Faragha ni haki ambayo mashua huinyima upesi. Kitanda cha kijana kiwe na pazia, kisanduku cha kufuli, na kanuni kwamba hakuna anayelifungua pazia bila kubisha hodi. Msichana anayekua apangiwe na mama yake, kabla ya safari, mambo ya kuoga na ya siku zake, ili asilazimike kuomba mbele ya baba na kaka. Upweke nao upo. Wetu uliwashika wiki ya tatu. Kilichosaidia ni kukaa siku nne au tano mahali penye watoto wengine, mpira ukachezwa ufukweni, kuliko kuhama kila asubuhi.

Na kuna kidau. Vijana wanaosikia kwamba Laura Dekker wa Uholanzi alikamilisha kuizunguka dunia peke yake mwaka 2012 akiwa na miaka 16 waambiwe pia kwamba alizaliwa wakati wazazi wake wakiwa katika safari ya mashua, na kwamba karibu mwaka mmoja ulipita kabla mahakama haijamwachia aondoke. Wetu waanze na kidau ndani ya hori. Maji yakiwa yanajaa na upepo ukielekea ufukweni, kijana avae jaketi, achukue makasia, maji ya kunywa na filimbi, aandike kwenye daftari saa ya kurudi, kisha umwache aende dukani kununua nyanya na mkate peke yake. Keti tezi na darubini karibu nawe, na usimwite kabla ya saa mliyokubaliana.