SOMO: Seva ya kashe (Squid) inayokwama jioni

Wakuu, swali la kwa nini Squid inakwama nimechoka kulijibu kila wiki, nalimaliza hapa.

Squid, programu inayotunza nakala za kurasa za wavuti (kashe), inaandika na kufuta vifaili mchana na usiku. Diski ikikaribia kujaa, nafasi zinazobaki ni vijipengo, kwa hiyo kila faili jipya linakatwa vipande, na kichwa cha diski kinashinda kikikimbizana navyo.

1. Kashe iwe na patisheni (sehemu ya diski) yake. Logi zikae kwingine.

2. Kwenye fstab (faili la kupandisha patisheni seva ikiwaka) weka noatime, ili kusoma faili kusiandike saa ya kusomwa.

3. Usiipe cache_dir (mstari wa ukubwa wa kashe kwenye squid.conf) patisheni nzima, acha 20% wazi. Patisheni ya GB 100, andika 80000, maana kipimo ni MB. Dawa yenyewe ni hii.

4. Ikiwa imeshakatika vipande, usihangaike kuipanga upya. Ni kashe tu, vifaili vitapakuliwa tena. Saa nane usiku: squid -k shutdown, subiri izime kweli, umount (shusha patisheni), mkfs.ext4 (inaiumba upya na kufuta vyote vilivyomo).

5. Hapa tulia. mkfs inabadilisha UUID, yaani namba ya utambulisho ya patisheni. Ukiiacha ya zamani kwenye fstab, siku umeme ukikatika na kurudi seva inaweza kugoma kuwaka, nawe uko Mbagala na seva iko Kariakoo. Soma UUID mpya kwa blkid, rekebisha fstab, mount -a (inapandisha patisheni), halafu df -h uione patisheni kwa macho yako. Ndipo chown, kumpa mtumiaji wa Squid umiliki (Ubuntu ni proxy), squid -z (inajenga folda za kashe), washa. Ukipiga squid -z kabla patisheni haijapanda, kashe inajengwa kwenye diski ya mfumo na kuijaza.

MASWALI

– Nimefanya yote bado nzito.
– Yote yapi? Leta df -h na iostat (kasi na mzigo wa diski).

– Mkuu, kwa nini tusitumie e4defrag, ya kuunganisha vipande vya faili?
– Swali zuri. Inafanya kazi, ila inahitaji nafasi wazi iliyoshikana, na hiyo ndiyo huna. Piga e2freefrag uone nafasi wazi ilivyokatika. Ukipenda, jaribu cache_dir ya aina ya rock: faili moja kubwa lenye vyumba vya ukubwa sawa, vifaili vinakaa humo humo.

– GB 100 nimeandika 100000, sawa?
– Hatua ya 3.

– Nina SSD.
– Haina kichwa cha kusogea, haikusumbui sana. Nafasi wazi acha vilevile, na washa fstrim.timer, inayoijulisha SSD sehemu zilizofutwa.

– Yangu df inaonyesha nafasi ipo, Squid inasema imejaa.
– Piga df -i. Inodi (kila faili linahitaji moja) zimekwisha, vifaili ni vingi mno. Ukipiga mkfs tena, punguza namba ya -i (baiti kwa kila inodi), inodi zitakuwa nyingi.