Linki ngumu na linki laini kwenye Linux, usije ukalia

Wakuu, juzi hapa Kirumba dogo wa ofisini kafuta faili la bei za sangara akijua linki aliyoiacha pembeni itabaki na data, wapi, limebaki ganda tu na wateja wanasubiri.

Iko hivi, data inakaa kwenye diski na inatambulika kwa namba inaitwa inodi, jina la faili ni kibandiko tu. Linki ngumu ni jina la pili la data ileile, kama mtumbwi mmoja uliopakwa majina mawili, futa moja mtumbwi bado unaelea. Linki laini ni kikaratasi kimeandikwa "mtumbwi uko Mwaloni", ukihamishwa umeumia.

Jaribu mwenyewe kwenye terminal (dirisha la kuandika amri):

echo sangara > bei.txt
ln bei.txt ngumu.txt
ln -s bei.txt laini.txt
ls -li

Cheki namba za mwanzo, bei na ngumu zinafanana, na baada ya ruhusa (zile herufi kama -rw-r--r--) utaona 2, yaani majina mawili. Laini ina inodi yake na mshale. Sasa piga rm bei.txt (amri ya kufuta) halafu cat (amri ya kusoma) kwa linki zote mbili, ngumu inasoma sangara kama kawa, laini inakwambia faili halipo.

Ngumu haivuki kwenda flashi wala haikubali folda, hapo tumia laini, ila andika njia kamili kuanzia / maana ukija kuihamisha linki yenyewe itapotea. Na ngumu sio bakapu jamani, ukiharibu maandishi ndani umeharibu kote.