Vidonge vya nguvu za kiume kwa mgonjwa wa moyo
Mwanaume wa Bukavu mwenye ugonjwa wa moyo, kabla ya kununua vidonge vya nguvu za kiume katika soko la Kadutu, asome kwanza maboksi ya dawa anazomeza tayari. Akikuta trinitrini au isosobaidi, dawa za kundi la nitrati ambazo hutolewa kwa maumivu ya kifua, asiguse sildenafili wala tadalafili, dawa zilizomo ndani ya vidonge hivyo vya nguvu za kiume. Nitrati huongeza mwilini kemikali inayolegeza mishipa ya damu, nayo sildenafili huzuia kemikali hiyohiyo isivunjwe, hivyo zikikutana shinikizo la damu huporomoka ghafla na mtu anaweza kuzimia au kufa.

Unga wa mizizi unaosifiwa kuwa wa asili tupu hauaminiki zaidi, kwa kuwa bidhaa za namna hiyo zimekutwa mara nyingi zimechanganywa na sildenafili kwa siri.

Si kila mgonjwa wa moyo anakatazwa. Asiyetumia nitrati, na anayepanda ngazi za ghorofa mbili (au mlima wa Kadutu wenyewe) bila kifua kubana, huenda daktari akamruhusu, ila amtajie pia dawa za presha na za tezi dume.

Kifua kikiuma baada ya kumeza kidonge, apelekwe hospitali mara moja na aseme bila haya alimeza nini na saa ngapi, maana nitrati haitolewi kabla ya saa 24 kupita tangu sildenafili, na saa 48 kwa tadalafili.